Naomba ushauri: "Upstate" ya New York huanzia wapi?

Ndugu zangu, salaam. Ninaandaa mwongozo mfupi wa Kiswahili kwa jamaa wanaohamia jimbo la New York, nchini Marekani, na nimekwama kwenye neno "Upstate", yaani sehemu ya jimbo iliyo nje ya Jiji la New York kuelekea kaskazini, ambalo kila mwenyeji hulitumia ingawa hawakubaliani mpaka wake uko wapi. Wakazi wa Manhattan, kitovu cha Jiji la New York, husema, nusu kwa utani, kwamba eneo hilo linaanza mara tu unapoivuka Bronx, sehemu ya kaskazini kabisa ya jiji hilo, ilhali watu wa Yonkers na White Plains, katika kaunti ya Westchester, hukataa katakata. Wengine huuweka mpaka Poughkeepsie, ambako treni za abiria za Metro-North zitokazo jijini kwa njia ya Hudson huishia, na kwangu hoja hiyo ina mashiko zaidi, maana anayeweza kwenda kazini jijini na kurudi jioni bado yumo katika mzunguko wa jiji. Huko Buffalo nako wapo wanaojiita watu wa magharibi mwa New York, wasiotaka kuwekwa kapu moja na Albany, mji mkuu wa jimbo.

Mlioishi huko, nishaurini: nifuate reli, au nifuate mipaka ya kaunti? Na je, tafsiri ya "kaskazini mwa jimbo" inafaa, ikiwa Buffalo yenyewe iko magharibi?