Naomba ushauri: kimeng'enya cha bakteria wa utumbo kimepanda, kalprotektini iko sawa

Assalamu alaikum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa. Niko Malindi. Mama yangu anasumbuliwa na tumbo tangu kaskazi kuanza: linajaa gesi, choo chepesi, hata wali wa nazi haumkai. Amepimwa choo, hakuna vimelea vya amiba wala jiadia. Kalprotektini, protini ya kwenye choo inayopanda utumbo ukivimba, iko chini ya 50, kwa hiyo daktari haoni dalili ya utumbo kuvimba. Amemaliza antibayotiki, nafuu ni kidogo.

Kinachonitia wasiwasi ni kipimo cha beta-glukuronidesi, kimeng'enya cha bakteria wa utumbo. Kimetoka juu. Tumeelezwa kwamba ini hufunga taka na homoni ili zitoke na nyongo, na kimeng'enya hiki huzifungua, nyingine zikarudi kwenye damu. Tangu asikie hayo mama halali, anadhani ni saratani, na inaniuma kumuona hivyo. Lakini choo kilisafirishwa hadi Mombasa, kilomita kama 120, na joto hili!

Mliosomea maabara au tiba: je, kimeng'enya hiki peke yake kinatosha kusema utumbo ni mgonjwa? Na tukirudia, tungoje muda gani baada ya antibayotiki, na choo kihifadhiwe vipi njiani?

Ahsanteni sana.