Waandishi wa hadithi za mashabiki: mnazua migogoro ya imani ambayo dini ilishaimaliza, ile ya kweli mnairuka

Nimechoka, na wasomaji wengi wenye dini wamechoka pia. Mashabiki mnaandika hadithi zenu wenyewe kuhusu mashujaa wa katuni za Marvel, na kila sura yenye lebo ya "imani" siku hizi imejaa vitu vilevile: rozari mfukoni, mnara wa msikiti kwa mbali, supahiro amesimama kwenye mvua akimuuliza Mungu yuko wapi. Halafu anaruka paa la pili na kufanya yaleyale ambayo angeyafanya asiyeamini chochote. Ondoa hiyo rozari uone kama kuna sentensi itakayobadilika. Hakuna.

Wanaojaribu kuingia ndani zaidi ndio wanaoharibu kabisa. Wanabuni tatizo ambalo dini husika ilishalitolea hukumu zamani, wanalilia kurasa kumi, na tatizo lenye moto wanalipita bila kuliona.

Tuanze na Matt Murdock, yaani Daredevil, maana huyu ndiye anayeonewa kuliko wote. Yupo tangu 1964, ni Mkatoliki, mama yake ni sista. Kila mtu anamwingiza kwenye kiti cha maungamo, na karibu kila mtu anakosea. Anavua kinyago ili padre amjue: ya nini? Anayeungama anataja dhambi, hataji jina, na wavu upo palepale katikati. Anaomba asamehewe kipigo atakachokwenda kutoa usiku huu: haiwezekani. Ili apewe maondoleo, yaani msamaha wa dhambi, ni lazima ajute na awe na nia ya kweli ya kutorudia. Mtu aliyepanga kurudi kazini saa nne usiku hana nia hiyo, na padre makini atamwambia hivyo hivyo usoni.

Halafu mnamfanya aungame "vurugu" kwa jumla. Kanuni ya 988 ya Sheria za Kanisa inataka dhambi nzito zitajwe kwa aina na idadi. Sasa hapo ndipo penye hadithi! Mwacheni apige magoti ahesabu. Wa kwanza kwenye ngazi, mkono. Wa pili, taya. Wa tatu alikuwa ameshaanguka, ameshaachia kisu, na bado alipigwa mara mbili. Kanisa halisemi kujilinda au kumlinda mtu ni dhambi, mradi nguvu iliyotumika isizidi kiasi kinachohitajika. Kwa hiyo yale mapigo ya mwanzo huenda hana haja ya kuyaungama kabisa. Mapigo mawili ya mwisho ndiyo kesi yenyewe, pamoja na swali ambalo padre anayemuungamisha atamuuliza: uliyafurahia? Mkiandika hilo hamtahitaji mvua wala radi.

Kosa mnalofanya kuhusu padre ni baya zaidi. Mnamkutanisha na Murdock barabarani, anamwambia "lile uliloniambia juzi linanitia wasiwasi." Padre haruhusiwi kabisa kumrudishia mtu maungamo yake nje ya kitubio (sakramenti ya maungamo) bila ridhaa yake. Kanuni ya 983 inalinda siri ya maungamo, na ya 984 inakwenda mbali zaidi: hata pale ambapo siri haiwezi kuvuja, padre hawezi kuyatumia aliyoyasikia kwa namna itakayomdhuru aliyeungama. Basi fikirieni adui naye ni Mkatoliki, anaungama kwa padre huyohuyo, na anataja mahali alipotega bomu. Padre anaweza kumnyima maondoleo hadi akalitegue. Zaidi ya hapo mdomo umefungwa. Hawezi kupiga simu, wala kumnong'oneza Murdock, wala kumzuia asipite njia ile kwa kisingizio. Mgogoro huo upo bure ndani ya sheria, na bado mnaandika mapadre wanaotoa siri kana kwamba ni wapelelezi.

Kamala Khan, yaani Ms. Marvel, ni Mwislamu. Alianza kuonekana 2013, akapata mfululizo wake 2014, na tangu hapo mashabiki wanamwandikia kisa kimoja: vita vimeanza, sala imeingia, afanyeje? Qur'ani imelijibu hilo. An-Nisaa aya ya 101 hadi 103 zinaeleza kupunguza sala na sala ya hofu, na Al-Baqara 239 inaruhusu kusali ukitembea au ukiwa juu ya kipando mkiwa katika hatari. Msichana aliyelelewa kwenye dini anajua kuna ruhusa. Hatasimama katikati ya moto akilia.

Kinachomsumbua ni udhu, kule kutawadha kabla ya sala, na hapo lazima mchague madhehebu. Familia yake ina asili ya Pakistani, ambako Mahanafi ndio wengi. Kwa Mahanafi damu ikitiririka kutoka kwenye jeraha, udhu umekwenda. Kwa Mashafii udhu haujavunjika kwa damu hiyo, ila ngozi ikigusana na mwanamume asiye maharimu (asiye ndugu wa karibu) umevunjika. Akiwa na glavu, haujavunjika. Yaani mkwaruzo mmoja, au mkono mmoja wa kumvuta mtu kutoka kwenye gari, unabadilisha kinachofuata kulingana na madhehebu. Viatu vya vazi lake navyo vina hukumu. Vikiwa imara, vinafunika vifundo vya miguu, na alivivaa akiwa na udhu, anaweza kupaka maji juu yake bila kuvivua: siku moja na usiku wake kwa mkaazi, siku tatu kwa msafiri. Maji hakuna? Anatayamamu kwa udongo. Mambo haya yanachukua mistari minne na yanamfanya mhusika awe mtu.

Na Ramadhani, jamani. Acheni kumzimisha kwa njaa katikati ya pambano. Akihofia madhara anafungua, siku ile atailipa baadaye. Ugumu uko nyumbani: mama anamkuta jikoni saa tisa mchana na glasi ya maji, na sababu halali anayo lakini hawezi kuisema bila kufichua yeye ni nani. Aidha anamdanganya mama yake ndani ya Ramadhani, au anakubali aonekane hafungi. Hapo imani na utambulisho wa siri vinagongana kwelikweli.

Mnaopenda kuwapeleka wahusika angani, hata huko si jangwa. Oktoba 2007 Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alikwenda kwenye kituo cha anga za juu ndani ya Ramadhani, na wanazuoni wa nchi yake walimwandalia mwongozo: nyakati za sala zifuate mahali roketi iliporukia, kibla ielekezwe Kaaba kama inawezekana, la sivyo dunia, la sivyo popote. Mnaandika "hakuna anayejua kibla kiko wapi" mwaka huu wakati jibu lipo.

Kitty Pryde wa X-Men na Ben Grimm wa Fantastic Four, wote Wayahudi, nao wanateswa na Sabato. "Je, niivunje Sabato nimwokoe mtoto?" Hakuna swali hapo. Kuokoa uhai kunatangulia Sabato hata kama hatari ni ya kubahatisha tu, na anayesitasita ndiye anayelaumiwa. Kinachomfunga Myahudi ni mwizi wa fedha Ijumaa jioni, Sabato ikishaingia, ambapo hakuna uhai ulio hatarini. Na adui akimwambia "muue huyu au nikuue wewe", sheria inamtaka afe. Kuua ni moja ya mambo matatu ambayo hata kuokoa nafsi yako hakuyahalalishi, pamoja na kuabudu sanamu na zinaa. Sijaona hata mmoja aliyeijaribu hiyo.

Kabla hujaandika, jaza haya kwenye karatasi: dhehebu lake hasa, kalenda ya wiki ambayo hadithi inatokea, nani anamuuliza akikwama (padre, sheikhe, rabi, bibi yake), na kitu gani hatafanya hata dunia ikiungua. Kisha soma pambano lako upya. Kama hakuna pigo lililosita, saa iliyobadilika wala uongo ulioshindwa kusemwa, futa lebo ya imani kwenye sura hiyo. Kuna watu tunaitafuta lebo hiyo kwa makusudi, na mnatupotezea usiku mzima.