Maelezo ya zana ya kutafuta habari: tumwandikie wakala au tumwandikie mkulima?

Mleta mada, Moshi

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo lililoleta mvutano katika kikundi chetu kidogo cha kuwatafutia habari wakulima wa kahawa wa vyama vya ushirika vya msingi. Tunayo zana inayotafuta habari kwa neno, lakini anayeitumia si binadamu bali ni wakala wa akili mnemba: mkulima anauliza kwa simu, wakala anachagua neno, zana inaleta vichwa vya habari, tarehe na viungo, kisha wakala anatunga jibu. Ubishi unahusu maelezo ya zana hiyo. Wenzangu wanataka yawe mistari mitatu ya Kiingereza, isomwe na wakala peke yake. Mimi nasema yataje udhaifu wa zana bila kuficha, na yawepo kwa Kiswahili mahali ambapo mwanachama yeyote anaweza kuyasoma.

Nilianza kulifikiria hili siku mzee mmoja alipouliza kama kuna habari za mnada wa kahawa hapa Moshi. Wakala alituma neno moja tu, "Moshi", na zana, ambayo hugeuza herufi zote kuwa ndogo kabla ya kulinganisha, ikaleta habari ya ghala lililoungua, nyingine ya madhara ya kupikia kuni, na ya tatu ya uvutaji sigara. Mzee alicheka, akasema, "Kumbe mji wetu unafuka." Mkasa wa pili haukuchekesha. Aliulizia kahawa ya Meru, akaletewa habari ya wakulima wa Meru ya Kenya, ambako kahawa hulimwa vilevile, na jibu halikutaja nchi hata mara moja. Angeweza kurudi nyumbani akiamini kwamba yaliyosemwa ni ya Arumeru, yaani Meru yetu ya mkoani Arusha.

Zana ya namna hii haijui maana. Inalinganisha herufi na herufi. Kiswahili kinaitesa zaidi kwa sababu maneno yetu hubadilika sana mwanzoni: mkulima, wakulima, kilimo, wamelima, ikilimwa. Programu iliyozoea kukata miisho ya maneno ya Kiingereza haitambui kwamba hayo ni ya ukoo mmoja. Mbuni ni mti wa kahawa, na ni ndege yule mkubwa asiyeruka. Hai ni wilaya, na ni kila aliyeokolewa ajalini. Same, wilaya nyingine ya Kilimanjaro, ndiyo balaa kabisa, kwani kwa Kiingereza 'same' ni neno la kawaida lenye maana ya 'ileile', na katika magazeti ya Kiingereza ama italeta kila ukurasa ama itatupwa pamoja na maneno yanayohesabiwa kuwa hayana uzito. Hata hiyo akili mnemba, Wakenya wengi huiita akili unde, na wapo wanaoandika akili bandia. Wakala asiyeambiwa ajaribu majina yote ataona sehemu tu ya yaliyoandikwa. Nani amwambie, kama maelezo yamenyamaza?

Mchangiaji, Arusha

Ndugu mleta mada, mimi ni mtengeneza programu. Mifano yako naikubali, dawa yako siikubali. Kwa utaratibu wa Model Context Protocol, yaani kanuni za kuunganisha wakala na zana, uliotolewa na kampuni ya Anthropic mnamo Novemba 2024, zana hujitambulisha kwa wakala kwa jina, maelezo na vigezo inavyopokea, na hayo yote hukaa katika nafasi ileile ambamo swali la mkulima linakaa. Wakala husoma maneno kwa vipande, na neno la Kiswahili mara nyingi hukatwa vipande vingi kuliko la Kiingereza, na tunalipia kila kipande. Zaidi ya hayo, ukiwa na nakala mbili, fundi atarekebisha moja Ijumaa jioni akiwa na haraka ya kwenda nyumbani, na ile ya pili itaendelea kusema uongo kwa miezi. Tuseme pia kweli: yule mzee hatasoma vigezo vya zana. Anachotaka ni jibu.

Mchangiaji, Ngaramtoni

Nina moja tu, na ninalisema kwa kuwa kazi yangu ni kusoma magazeti redioni. Zana ikirudi mikono mitupu, wakala husema "hakuna habari". Hakuna habari na sikuona habari ni mambo mawili, na redioni ukiyachanganya unapigiwa simu siku nzima.

Mleta mada, Moshi

Ndugu wa Ngaramtoni umegusa palepale panaponiuma. Wewe wa Arusha, kuhusu gharama umenishinda: maelezo ya wakala yabaki ya Kiingereza, na yabaki mafupi. Lakini ya Kiswahili yaandikwe kwanza, yale ya Kiingereza yatokane nayo, na yote mawili yakae katika faili moja ili fundi wa Ijumaa asipate kisingizio. Mzee hatayasoma, ni kweli. Karani wa chama atayasoma, kama anavyousoma ubao wa bei, na yeye ndiye atakayeuliza kwa nini wakala amekwenda kinyume cha maelezo hayo.

Nasisitiza pia tarehe, ambazo hakuna aliyezitaja. Zana yetu huhesabu siku kwa saa za Greenwich, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Habari iliyotoka saa nane usiku wa kuamkia Jumanne huandikwa kuwa ya Jumatatu, kwa hiyo anayeuliza Jumanne asubuhi kuhusu "habari za leo" haioni.

Rasimu yangu ni hii: "Zana hii hutafuta herufi, haitafuti maana. Usitafute 'Moshi' peke yake. Ongeza 'mnada', 'kahawa' au 'Kilimanjaro'. Ukijibu kuhusu Meru, taja nchi. Ukiulizwa habari za leo, anzia jana. Usipopata kitu, jaribu umoja na wingi. Ukikosa tena, sema umetafuta maneno gani na tarehe zipi, wala usiseme kwamba jambo halikutokea."

Mwenye sentensi ya kupunguza aitaje, na aeleze mkulima atakosa nini ikiondolewa.