Tupeane uzoefu: wewe ni wa kutumaini au wa kusema "itakuwa sawa"?

Mwana wa Birere (Goma)
Bandugu, hodi. Nina jirani, mwalimu mstaafu. Tangu banki za hapa mjini zifungwe mwishoni mwa Januari 2025, kila akitoka misa ananiambia, "Wiki hii zinafungua." Uso mkunjufu, anacheka, usiku analala fofofo. Shangazi yangu naye pesa yake imekwama mule mule. Ameingia kirimba ya akina mama, kile chama cha kuchangiana pesa, jioni anakaanga sambaza kando ya barabara. Ukimuuliza kama pesa itatoka anasema, "Sijui," anageuza samaki. Leo mwalimu karudia wimbo wake, nikaanza kujiuliza kati ya hao wawili nani ana tumaini, na nani ana furaha. Leteni yaliyowakuta.

Fundi wa Kadutu
Mwalimu ana furaha, shangazi ana sambaza. Mimi nitakula kwa shangazi.

Lushois
Huku Lubumbashi tulikula hiyo zamani. Baba alikuwa mfanyakazi wa kampuni kubwa ya migodi. Mishahara ilipokwama, kila mwisho wa mwezi alivaa suruali iliyopigwa pasi akaenda kuangalia kama wamelipa. "Shaba itapanda bei, watatulipa yote." Shaba ikapanda kweli, malimbikizo hayakuja. Mama hakubishana naye hata siku moja. Alilima mahindi nje ya mji, ndiyo yaliyotusomesha. Lakini baba msimcheke. Bila ile pasi, nyumba nzima ingekuwa matanga.

Mama wa Ndosho
Sikutaka kuandika, lakini hiyo "itakuwa sawa" imenichoma.

Tarehe 27 Mei 2021 mnaikumbuka. Volkano yetu ya Goma, Nyiragongo, ililipuka Jumamosi tarehe 22, lava ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, tukashukuru. Siku zilizofuata ardhi ikawa inatetemeka usiku na mchana, kuta zikapasuka, na alfajiri ile gavana wa kijeshi akatangaza sehemu kubwa ya mji ihame, kwamba moto unaweza kutokea chini ya miguu yetu au chini ya ziwa. Wengi tukamiminika barabara ya Sake: chukudu zetu za mbao za kubebea mizigo, ng'ombe, magodoro, wazee wamebebwa mgongoni. Mimi nilikuwa na kichanga mgongoni na fuko la unga kichwani. Mtoto wangu wa miaka sita nilimpa bidoni ndogo ya maji, ile ya manjano, nikamwambia, "Hii usiiachie hata iweje."

Mbele ya Mugunga lori likapiga honi, watu wakasukumana kushoto na kulia. Nilipogeuka, simwoni.

Baba yake akasema, "Tulia, mama. Barabara ni hii moja, atatokea mbele tu." Tukafika Sake, hakutokea. "Kesho ataletwa na watu." Akapata mahali kwenye baraza la kanisa, akalala. Alikoroma! Mimi kusema ukweli niliamini mtoto amekanyagwa, amekufa. Hakuna sauti ndani yangu iliyosema nitamwona. Lakini miguu ilikuwa inaenda. Nilipita kila shule, kila kanisa, kwa watu wa Msalaba Mwekundu nikaandikisha jina, nikauliza wauza makala ya kupikia, nikauliza wasukuma chukudu. Halafu

Ngoja, makala yanazima na maharagwe hayajaiva. Narudi.

Fundi wa Kadutu
MAMA! Hauwezi kutuacha hapo!

Chukudu Boy
Mutoto alipatikana? Jibu kwanza, maharagwe baadaye.

Mwanafunzi wa Saikolojia (Bukavu)
Pole sana mama. Wakati tunamngoja, niseme kwamba alichoeleza kimeandikwa na wataalamu. Charles Snyder wa Chuo Kikuu cha Kansas, tangu 1991, alieleza tumaini kuwa na vitu viwili: nia ya kufika, na njia, yaani kuona pa kupitia na kutafuta pengine pakizibwa. Michael Scheier na Charles Carver, mwaka 1985, walipima kitu kingine, mtu anavyotazamia mema yaje, yaletwe na nani haijalishi. Baba wa mtoto ni wa hao wa pili. Na msimdharau: mwaka 1989 walifuatilia wanaume waliopasuliwa moyo, na waliotazamia mema walipona haraka zaidi.

Chukudu Boy
Hatukuomba notisi za auditoire ya chuo. Tumeuliza mtoto.

Mtumishi wa Bwana
Tumaini ni Mungu peke yake. Huyo Snyder hakuwepo Mugunga.

Fundi wa Kadutu
Mtumishi, na wewe hukuwepo Mugunga. Ulipanda boti kuja Bukavu, ukalala kwetu, ukalalamikia sombe yetu haina chumvi.

Mtumishi wa Bwana
Haikuwa na chumvi.

Dada wa Himbi
Mimi niko upande wa mume. Kwenye nyumba ya watu wawili wanaotembea usiku kucha, kichanga nani atamshika? Kuna mtu lazima aamini ili mwingine aweze kuogopa.

Mwana wa Birere
Dada, umesema. Ila huyo alikuwa anakoroma. Kichanga alikishika nani?

Mama wa Ndosho
Nimerudi. Kichanga nilikuwa nacho mimi, mgongoni.

Muuza makala mmoja akaniambia ameona mtoto na bidoni ya manjano juu ya gari la kwenda Minova. Nikapanda pikipiki, motari nikamlipa kwa unga. Minova nikamkuta kwa mama mmoja ambaye sikumjua wala hakunijua, amekaa mlangoni, bidoni kati ya magoti, maji yote yamo. Midomo imekauka. Hakunywa hata tone, maana nilimwambia asiiachie. Nilimpiga kofi halafu nikalia. Sijui kwa nini nilimpiga.

Niliporudi naye Sake, baba yake akasema, "Si nilikwambia?"

Mpaka leo hatujamaliza hilo neno.

Chukudu Boy
Asante Mungu. "Si nilikwambia," eeeh! Mimi ningerudi Minova.

Lushois
Baba yangu angesema vilevile. Na angesema kwa upendo.

Dada wa Himbi
Yaya, dada yangu, msamehe. Alikuwa anaogopa kuliko wewe, usingizi ulikuwa njia yake ya kukimbia.

Shangazi wa Majengo
Usimsamehe haraka, mwache apike yeye kwanza mwezi mzima.

Mwanafunzi wa Saikolojia (Bukavu)
Nitavumilia matusi, niongeze moja tu kwa ajili ya mwalimu wa banki. Rubani wa Marekani, James Stockdale, alikamatwa Vietnam 1965 akaachiliwa 1973. Alipoulizwa wafungwa gani hawakutoka, alisema ni wale waliosema Krismasi tutakuwa nyumbani. Ikapita, wakasema Pasaka. Ikapita, wakasema Krismasi tena, mpaka moyo ukavunjika. Yeye hakukisia tarehe, ila hakuacha kuamini kwamba mwishowe atatoka.

Fundi wa Kadutu
Hapo sasa umeongea. Mwalimu akatazwe kutaja wiki.

Mwana wa Birere
Nimemsomea hiyo sasa hivi mlangoni kwake. Amesikiliza vizuri, akauliza, "Huyo rubani alikuwa na akaunti banki gani?" Tukacheka wote. Halafu akaniomba nimuulize shangazi kama kirimba yao inapokea wanaume.

Shangazi wa Majengo
Inapokea. Ila anayechelewa kuleta hisa analipa faini, na "wiki ijayo" hatuikubali.

Mtumishi wa Bwana
Mama wa Ndosho, nataka kujua kitu kimoja. Yule mama wa Minova mlimpa nini?

Mama wa Ndosho
Unga uliobaki. Aliukataa. Nikamwachia bidoni.