Fremu ya springi ya kitanda inayorekebishika na kufunguka kwa urahisi: naomba ushauri wa mafundi

Mwanzisha mada (Igoma, Mwanza)

Habari zenu ndugu mafundi na wadau wote. Nina karakana ndogo ya vitanda hapa Igoma, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitengeneza vitanda vya mbao vya nne kwa sita na tano kwa sita vyenye chaga za kawaida za kupigilia misumari. Wateja wangu wengi ni wapangaji. Leo wanakaa Nyakato, mwakani wamehamia Mabatini au Igogo, ambako gari huishia barabarani na mzigo wote hupandishwa mabegani katikati ya majabali, kwenye vinjia ambavyo watu wawili wenye mizigo hawawezi kupishana. Kila kitanda kinapohama, chaga hung'olewa kwa nyundo, kadhaa kati yake hupasuka kwenye matundu ya misumari, na mteja hurudi kwangu akiamini kwamba nilimuuzia mbao mbovu.

Jambo la pili linanigusa nyumbani. Mama yangu anasumbuliwa na kiuno, na juu ya chaga ngumu hujigeuza usiku kucha. Baba yangu, ambaye ni mzito kuliko mama kwa karibu kilo 30, akilala juu ya kitu laini huamka analalamika mgongo. Wanalala kitanda kimoja, na sioni kwa nini mmoja wao aumie ili mwenzake apate usingizi.

Mwaka jana niliwatengenezea fremu ya pembe za chuma (vyuma vyenye umbo la L), nikapanga springi za kuvutwa kwenye mifumbati yote miwili, yaani pande mbili ndefu za kitanda, na waya zikavuka upana wa futi tano, kama vitanda vya mabweni tulivyolalia shuleni. Wiki za kwanza walifurahi. Baada ya miezi minne katikati pakawa pamebonyea kama machela, wote wawili wakawa wanateremkia shimo moja. Nilizikaza springi, na kukaza huko kukaleta balaa jingine: nilipovuta uzi kutoka mchagoni hadi miguuni, niliona kila mfumbati umepinda kuelekea ndani kwa sentimita mbili, na bolti zimebanwa kwenye matundu yake kiasi kwamba ilibidi nizikate kwa msumeno.

Naomba mnisaidie kupanga fremu ya springi ambayo mpangaji ataifungua mwenyewe bila kumwita fundi, ambayo ugumu wake unaweza kubadilishwa upande mmoja bila kuugusa upande wa pili, na ambayo itatengenezwa kwa vifaa vinavyopatikana hapa hapa Mwanza.

Fundi wa kuchomelea (Nyakato)

Ndugu yangu, pole kwa hasara hiyo, lakini mifumbati yako haikupinda kwa sababu ya chuma hafifu. Ilipinda kwa sababu ya mpangilio wenyewe, na hata ungenunua pembe nene zaidi ungechelewesha tu tatizo lile lile.

Chukua mtu wa kilo 80 ameketi katikati ya kitanda chenye upana wa sentimita 150, na waya zimeshuka sentimita 10 chini yake. Waya ulionyooshwa hivyo hauwezi kumbeba mtu kwa kwenda juu moja kwa moja. Humbeba kwa kuvuta pembeni, na kwa vipimo hivyo mvuto kwenye kila mfumbati unafika kama kilo 300. Wewe ulipokaza ili pasibonyee, pengine pakabaki panashuka sentimita 5 tu, mvuto ule ukaongezeka hadi karibu kilo 600 kwa mtu yule yule. Ndiyo maana kadiri ulivyokaza ndivyo fremu ilivyojikunja. Wazo la kubadilisha ugumu kwa kukaza na kulegeza waya ndilo ninalokuomba uliache kabisa.

Tumia springi za kugandamizwa, zinazosimama wima chini ya chaga. Hapo uzito unashuka kwenye mfumbati kwenda chini, unapita kwenye matendego hadi sakafuni, na hakuna kinachovuta fremu kuelekea ndani. Kila mfumbati uwe na pembe ya chuma kwa upande wa ndani kama rafu, na juu ya rafu hiyo uchomelee vipande vifupi vya bomba, urefu wa sentimita 2, vyenye kipenyo kidogo kuliko tundu la ndani la springi. Springi inavaa juu ya kipande hicho na kusimama bila kufungwa na chochote.

Narudia neno hilo kwa makusudi: bila kufungwa, na hasa bila kuchomelewa. Nimeona karakana nyingi wakigusisha elektrodi kwenye mguu wa springi ili isichomoke. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa kupimiwa moto kiwandani, na ule moto wa kuchomelea unaufuta ugumu huo pale pale ulipogusa. Utaiona springi ina rangi ya bluu karibu na mahali palipochomelewa, na baada ya wiki chache inakatika hapo hapo au inalala upande. Vipande vya bomba vichomelewe kwanza, vipoe, ndipo springi zivishwe.

Mwanzisha mada

Ahsante sana, fundi. Sikuwahi kufikiri kwamba kukaza kunaongeza mzigo badala ya kuupunguza. Je, springi ya unene gani inafaa? Nimepata za nyuma za pikipiki kwa bei nzuri.

Fundi wa kuchomelea (Nyakato)

Za pikipiki ziache, kwa sababu ni ngumu mno kwa kazi hii. Mtu akilala juu yake ni sawa na kulala juu ya kigogo.

Tangu Robert Hooke alipoichapisha kanuni yake mwaka 1678, mafundi wanajua kwamba springi hushuka kwa uwiano na uzito inaowekewa. Kitu ambacho wengi hatukitilii maanani ni namna unene wa waya unavyoamua kila kitu. Ugumu unakwenda na unene wa waya uliozidishwa kwa wenyewe mara nne, na unapungua kwa upana wa mzunguko uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Kwa hiyo ukitoka waya wa milimita 4 ukaenda wa milimita 5, springi inakuwa ngumu karibu mara mbili na nusu, ingawa kwa macho hutaona tofauti kubwa. Pima kwa kalipa, usipime kwa jicho.

Pendekezo langu ni waya wa chuma cha springi wa milimita 4, upana wa mzunguko milimita 50 ukipima kutoka katikati ya waya hadi katikati ya waya, mizunguko mitano inayofanya kazi (bila kuhesabu ile ya ncha za juu na chini), na kimo cha milimita 60 ikiwa haina mzigo. Springi ya namna hiyo hushuka kama milimita 25 kwa kilo 10. Chaga ya usawa wa nyonga ikibeba kilo 15, kila springi itapokea kilo 7 na nusu na kushuka karibu milimita 18, jambo ambalo kiuno kinalihisi lakini kitanda hakiyumbi.

Ugumu ubadilishe kwa kubadilisha springi. Agiza seti ya pili yenye vipimo vile vile ila waya uwe wa milimita 3.5, ugumu wake utakuwa kama asilimia 59 ya ile ya kwanza. Zipake rangi mbili tofauti. Mama atawekewa laini usawa wa mabega na ngumu usawa wa kiuno, baba atawekewa ngumu tupu, na mtu yeyote anaweza kuzibadilisha kwa mkono kwa kuinua chaga. Waya wa kawaida wa madukani usiutumie hata kama unakunjika vizuri, kwa sababu ukishuka mara chache hautarudi.

Seremala mstaafu (Kirumba)

Shikamooni wakubwa, na marahaba kwa wadogo. Fundi wa vyuma amesema kweli, nami naongeza upande wa mbao.

Kitanda cha tano kwa sita kigawe mara mbili kwa urefu. Weka boriti ya kati kutoka mchagoni hadi miguuni, nayo iwe na mguu wake unaogusa sakafu, na chaga za kila upande ziwe za futi mbili na nusu tu. Chaga ikifupishwa nusu, kwa mzigo ule ule wa katikati inapinda sehemu moja ya nane ya ilivyokuwa, kwa hiyo unaweza kutumia mbao nyembamba na nyepesi. Vilevile baba akigeuka, upande wa mama hautikisiki, maana hawashiriki chaga hata moja.

Kwa kila upande panga chaga 13 za upana wa inchi 3. Kwenye urefu wa inchi 72 zitaacha nafasi ya inchi 2 na robo tatu kati ya chaga na chaga, na godoro la sponji halitazama humo. Chagua mbao yenye nyuzi zilizonyooka. Misonobari ya Sao Hill inafaa na ni nyepesi kubeba, lakini kipande chenye kifundo katikati kiweke pembeni kwa kazi nyingine, kwa kuwa chaga hukatikia kwenye kifundo. Kisha zishonee chaga zote kwenye mikanda miwili ya turubai, ili siku ya kuhama mtu azikunje kama mkeka na kuzibeba kwapani.

Kuhusu upana, najua wateja watakuomba kitanda kinachotanuka kutoka futi tano hadi sita. Nakushauri ukatae. Bomba la mraba la milimita 40 likiingia ndani ya lile la milimita 50 lenye unene wa milimita 2 linabakiwa na uwazi wa milimita 6, na uwazi huo ndio utakaopiga kelele usiku na kulegeza kila kiungo.

Mjumbe (Nansio, Ukerewe)

Naomba niseme kama mtumiaji. Mwaka 2020, ziwa lilipopanda, tulihamisha vyombo usiku maji yakiwa yameshaingia uani, na kitanda chetu tulikiacha kwa sababu bolti zake zilihitaji spana za namba tatu tofauti na hatukuwa na hata moja. Tafadhali tumia bolti za milimita 8 kitanda kizima, zote za spana namba 13, ambayo kila fundi wa bodaboda anayo, na spana moja ining'inizwe chini ya boriti kwa kamba.

Kutu pia ifikiriwe mapema. Maji yetu si ya chumvi kama ya Pwani, lakini unyevu wa asubuhi kando ya ziwa unatosha kula chuma, na huanzia ndani ya bomba mahali palipokatwa. Ziba ncha zote za bomba, na upake rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mapambo.

Msomaji (Buzuruga)

Kwa nini msitumie raba ya tairi badala ya springi? Wanaoshona katambuga wana mabaki mengi, na bei yake ni ndogo sana.

Fundi wa kuchomelea (Nyakato)

Raba ikilaliwa usiku baada ya usiku hujikandamiza na hairudi kimo chake chote, kwa hiyo baada ya muda usawa wa nyonga utakuwa umeshuka na mabega yamebaki juu. Hata hivyo inayo kazi muhimu hapa. Mtu akiketi ukingoni kuvaa viatu, uzito wake wote huangukia chaga mbili au tatu, na springi za milimita 4 zitaminywa hadi mwisho. Juu ya kila kipande cha bomba weka kisahani cha raba ya tairi cha milimita 15. Springi ikishuka milimita 25, chaga inatua kwenye raba, na springi inapumzika.

Mwanzisha mada

Nawashukuru nyote kwa moyo mzima. Nimekwisha kukata chaga 26, na leo nimeweka chaga tatu za majaribio juu ya springi sita. Nilimwomba mama aketi kwanza, kisha ajilaze ubavu. Alikaa kimya kidogo, akasema nyonga imepata mahali pake, ila bega bado linasukumwa. Kesho naenda kuagiza za milimita 3.5.