Mvua ikinyesha maji yanatoka na ukungu, hata tukiongeza silfati

Zamu_ya_Usiku (Bukavu)

Jambo wandugu. Nasimamia kituo kidogo cha maji cha kamati ya wakaaji, upande wa milimani. Tunachota mtoni, 120 m³ kwa saa. Maji yanapata silfati ya alumini (dawa ya kukusanya uchafu uwe mabonge), yanapita dekanta moja (beseni la kutuamisha tope), vichujio viwili vya mchanga (10 m² kila kimoja), klorini ya HTH (unga wa klorini), tangi, kisha yanashuka yenyewe mpaka kwa watu.

Kiangazi hakuna taabu: mto una NTU (kipimo cha uchafu unaotia maji ukungu) 20 au 30, silfati 30 mg/l inatosha. Mvua kubwa ikipiga, mto unapanda mpaka NTU 400. Wafanyakazi wa zamu wanapandisha silfati mpaka 90 na zaidi, lakini mabonge hayakomai, yanabaki kama vumbi linaloelea. Dekanta inatoa NTU 20, vichujio vinatoa 6, na vinaziba baada ya masaa sita. Halafu klorini: kwenye tangi inasoma 0,8 mg/l, kwenye robine (bomba za kuchotea) za mbali ni sifuri. TAC ya mto (uwezo wa maji kuhimili asidi) ni digrii 3 za Kifaransa. Nianzie wapi?

Bilauri_Sita (Lubumbashi)

Jibu liko kwenye mstari wako wa mwisho, ndugu. TAC ya digrii 3 ni sawa na 30 mg/l za kalsiamu kaboneti. Kila 1 mg ya silfati inakula karibu 0,5 mg ya hiyo TAC. Kwa 30 mg/l unakula 15, unabaki na 15, kazi inaendelea. Kwa 90 mg/l unahitaji 45 na mto unakupa 30 tu. TAC ikiisha, pH (kipimo cha asidi, ikishuka maji yanakuwa makali) inaanguka, na chini ya 5,5 hivi alumini inabaki imeyeyuka ndani ya maji badala ya kufanya mabonge. Inapita dekanta, inapita mchanga, halafu inakuja kuganda mbele, kwenye tangi na mabomba. Mtu wa zamu akiona maji bado machafu anaongeza tena silfati, na hapo ndipo anapoharibu kabisa.

Pima pH kwenye maji yaliyokwisha kuchanganywa na silfati. pH ya mto peke yake haikuambii kitu hapa.

Zamu_ya_Usiku (Bukavu)

Aksanti. Nimepima leo asubuhi, mto ukiwa NTU 350 na silfati 90: pH 5,2. Chokaa tunayo, ila tunaitia mwisho tu, baada ya vichujio. Tuitie mwanzo? Kiasi gani?

Bilauri_Sita (Lubumbashi)

Ndiyo, siku za mvua sehemu yake itangulie. Hesabu: silfati 90 inataka 45, na unataka ibaki kama 20 ili pH isimame. Jumla 65. Toa 30 za mto, unabaki na upungufu wa 35. Zidisha kwa 0,74 upate chokaa iliyozimwa: karibu 26 mg/l ikiwa safi. Chokaa ya gunia mara nyingi ina mawe na uchafu, kwa hiyo anza na 30. Kwa 120 m³/h hiyo ni 3,6 kg kwa saa. Ukitengeneza maziwa ya chokaa ya kilo 5 kwa lita 100, ni lita 72 kwa saa. Kikorogeo kisisimame hata dakika, la sivyo chokaa inatuama na bomba linaziba. Itie kabla ya silfati, mita kadhaa juu, na usichanganye hizo mbili katika pipa moja.

Hata hivyo 90 yenyewe nani ameichagua? Jaribio la bilauri ndilo linachagua. Yeyusha 10 g za silfati katika lita moja ya maji safi. Hapo ml 1 ndani ya lita moja ya maji ya mto ni 10 mg/l. Panga bilauri sita za lita moja: 30, 40, 50, 60, 70, 80. Koroga kwa kasi dakika moja (mizunguko 120 hivi), kisha polepole dakika 15 hadi 20 (mizunguko 30 hadi 40), acha zitulie dakika 30. Chota maji ya juu, pima NTU na pH. Rudia mara ya pili ukitia chokaa kwanza. Usishangae ukikuta 60 yenye chokaa inashinda 90 bila chokaa. Hakuna sheria kwamba NTU ikizidi mara kumi silfati nayo izidi mara kumi.

Na hakikisha dozi iliyo kwenye karatasi ndiyo inayofika majini. 60 mg/l kwa 120 m³/h ni 7,2 kg kwa saa. Kwa mchanganyiko wa 10 % ni lita 72 kwa saa, yaani lita 1,2 kwa dakika. Weka chupa yenye alama chini ya bomba la dozi, shika saa. Kipimo cha pampu ya dozi kinadanganya mara nyingi kwa sababu vali zake ndogo zinashika mchanga wa silfati.

Mchanga095 (Bukavu)

Bilauri_Sita amemaliza habari ya pH, lakini hesabu ya vichujio haijaguswa. 120 m³/h juu ya 20 m² ni mwendo wa 6 m/h kupita mchangani, vizuri. Mkiosha kimoja, maji yote yanakwenda kwenye kile cha pili: 12 m/h, ghafla, na kilikuwa tayari kimejaa tope. Kinatema uchafu wake kwenye tangi. Kwa vile mnaosha kila masaa sita, mnafanya hivyo mara nyingi kwa siku. Kabla ya kuosha punguza maji ya mto mpaka 60, osha, ndipo mrudishe taratibu.

Kuosha kwenyewe: teremsha maji mpaka karibu na uso wa mchanga, hewa peke yake dakika 2 au 3, hewa na maji pamoja dakika 5 hadi 8, kisha maji peke yake mpaka yanayomwagika yawe meupe. Kwa mchanga wa 0,95 mm, suuza kwa 15 hadi 20 m/h, yaani 150 hadi 200 m³/h kwa kichujio chenu. Wengi wanakata suuza mapema ili kuokoa maji, tope linabaki na kufanya mipira migumu ndani ya mchanga. Chimba kwa mkono sentimita 15. Ukikuta mipira kama mbegu za maharagi, hilo ndilo tatizo. Maji ya kwanza baada ya kuosha yamwagwe dakika 15 hadi 30, yasiingie tangini.

Dekanta nayo: siku ya NTU 400 purji ya tope (kufungua vali ya chini ili tope limwagike) ya mara moja kwa zamu haitoshi. Fungua kwa muda mfupi kila saa. Ukifungua muda mrefu unamwaga maji mazuri bure.

Robine_ya_Goma (Goma)

Kuhusu klorini, jihadhari na mtu atakayekupa namba za huku kwetu. Maji ya ziwa Kivu yana pH karibu 9, na kwa pH hiyo sehemu kubwa ya klorini iko katika umbo dhaifu. Lazima muda wa kugusana uwe mrefu. Ya kwenu ya mto ni tofauti. OMS (Shirika la Afya Duniani) inataka angalau 0,5 mg/l ya klorini huru baada ya dakika 30, pH ikiwa chini ya 8, na isipungue 0,2 kwenye robine ya mtu.

Sifuri ya mbali inatokana na ile NTU 6 pamoja na alumini iliyoganda mabombani: tope hilo linakula klorini njiani. Ukiongeza HTH bila kusafisha maji na kufungua purji za mwisho wa mabomba, utapata harufu karibu na tangi na sifuri kule kule. Sababu ya pili ni mgawo wa maji: bomba likikosa presha linavuta maji machafu kupitia nyufa. Pima mara tu maji yanaporudi, na tena saa mbili baadaye, tofauti itakuonyesha.

Pima mahitaji: lita moja ya maji yaliyochujwa kwa kila bilauri, klorini 1, 2, 3, 4 mg/l, subiri dakika 30, soma klorini huru kwa DPD namba 1 (kidonge cha kupimia kinachotia maji rangi) papo hapo. Ukikawia, rangi inapanda kwa sababu nyingine. Mfano: ukihitaji 2,5 mg/l, kwa 120 m³ ni 300 g za klorini kwa saa. HTH ya 65 % kilo 1,54 katika lita 100 inatoa mchanganyiko wa 1 %, basi lita 30 kwa saa. Tia unga ndani ya maji, kamwe si maji juu ya unga. Acha utulie, tumia maji ya juu. Na gunia la HTH lisikae chumba kimoja na mazutu ya jenereta. Hapo panaweza kuwaka moto.

Zamu_ya_Usiku (Bukavu)

Nimeelewa. Na mto ukifika NTU 800 usiku, tupunguze au tufunge?

Mchanga095 (Bukavu)

Tangi likiwa na akiba, funga. Mito ya milima yetu inapanda haraka na kushuka haraka. Kilele mara nyingi kinapita ndani ya masaa machache.

Bilauri_Sita (Lubumbashi)

Mimi ningepunguza nusu kwanza. Dekanta ikisimama, tope linalala chini na kurudisha kazi ni taabu. Lakini amri ya kufunga njia ya tangini iandikwe ukutani na kwenye kaye (daftari) ya zamu: maji ya kichujio yakipita NTU 5 vipimo viwili mfululizo, au klorini ya kutoka ikishuka chini ya 0,5, mtu wa zamu anafunga mwenyewe bila kukupigia simu. NTU, pH, dozi na klorini kila saa, pamoja na saa yenyewe. Mto ukipanda, kila dakika 15. Umeme ukikatika, dozi zote zikatwe pamoja na pampu ya mto, maana silfati inayoendelea kudondoka kwenye maji yaliyosimama ndiyo itakayokupa pH 4 umeme ukirudi.