Naomba ushauri: kit (seti ya vipande vya kuunga mwenyewe) ya chipu 4017 nimeigeuza taa za reli, zinafifia

Wakuu habari za jioni, nina ile kit ya taa 10 zinazokimbizana, ya chipu 555 (inatoa mapigo) na 4017 (inawasha taa moja baada ya nyingine), nimeigeuza iendeshe signo (taa za ishara) za treni ya kuchezea ya dogo. Hatua 5 nyekundu, 4 kijani, 1 njano, nimeunganisha kwa diodi 1N4148 (zinapitisha umeme upande mmoja tu) ili pini zisigongane, kapasita ya 10µF nikaweka 100µF na mwendo sasa uko poa kabisa. Shida nikiongeza nguzo ya pili ya signo, taa zote zinafifia, nyekundu ndo inabaki kama kaa la sigara. Betri ni 9V mpya, rezista nimeshusha toka ohm 1k hadi 330 wapi, ic (chipu) ikaanza kupata moto nikachomoa haraka.

Je niweke transista BC547 (ya kukuza mkondo) kila rangi? Na rezista ya kwenye base (mguu wa transista unaopokea ishara) iwe ngapi?